Rangi ya Shasi ya Gari Kuukuu

Marehemu baba yetu alituachia Land Rover kuukuu, nayo shasi yake imeanza kushikwa na kutu. Wengine waweza kusema rangi ni urembo tu. Kwetu Punia sivyo, maana gari hilo hubeba mpunga na mawese, na mara nyingi mgonjwa au mama mwenye utungu wa kuzaa. Shasi ikikatika katikati ya msitu, msaada u mbali.

Land Rover zilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi ikafanywa kwa alumini isiyoshika kutu. Shasi lakini ni ya chuma, mfano wa sanduku refu lenye uvungu. Matope huziba vitundu vya kutokea maji, unyevu ukabaki humo, na kutu ikala kutoka ndani. Watu husifu gari linavyong'aa, kumbe mifupa yake imekwisha!

Majirani walitushauri tupake lami, kwa kuwa ni rahisi. Tukakataa. Lami juu ya kutu hupasuka, maji yakapenya chini yake, na ubaya hauonekani mpaka siku ya kuvunjika. Fundi mmoja mzee aliisifu rangi nyekundu yenye risasi, nayo kweli ilikilinda chuma vizuri zamani zile. Lakini risasi ni sumu, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Wanafunzi wa fundi ni vijana wadogo, hapo hatukubishana. Iko pia rangi ya unga inayookwa katika tanuri la joto la digrii kama 200. Nani kwetu ana tanuri la kuingiza shasi nzima?

Ikabaki zinki. Punia ilijulikana kwa kasiteriti, jiwe litoalo bati. Kampuni ya Symétain iliichimba huku, na mwaka 1976 ikaunganishwa na nyingine kuwa Sominki. Basi mtu angedhani bati letu lingefaa, maana ndilo hupakwa juu ya chuma cha makopo. La! Bati likikwaruzwa, chuma kilicho wazi huliwa upesi zaidi. Zinki hufanya kinyume: hukubali kuliwa yenyewe kwanza, na chuma kikasalimika. Hata hayo tuyaitayo mabati ya paa, ngozi yake ni zinki. Katika njia zetu za mawe mikwaruzo ni ya kila safari, na kwa sababu hiyo tulichagua rangi yenye zinki nyingi.

Rangi hiyo ina masharti. Haina budi kugusa chuma kitupu, ama sivyo haina nguvu. Tena rangi ya mafuta ya kawaida haifai juu yake, kwani hubambuka baada ya muda, kama ibambukavyo juu ya mabati mapya. Juu ya zinki yatakiwa epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa na kutumiwa kabla haijaganda. Gharama ikazidi. Mama alikuwa ameweka akiba ya kuezeka jiko. Tulizungumza jioni mbili, na yeye mwenyewe ndiye aliyetoa fedha. Jiko limebaki la majani.

Fundi alikata sehemu zilizooza, akachomelea vipande vipya, kisha akasugua kwa brashi ya waya na msasa siku kadhaa. Hatukupaka asubuhi mapema, kwa kuwa katika unyevu wa kwetu chuma hutoka jasho. Tulingoja hadi saa nne, jua likiwa limekausha umande.

Ndani ya uvungu brashi haifiki. Humo tumenyunyiza mafuta mazito yenye nta, ambayo yatarudiwa kila mwaka. Mdogo wetu wa mwisho amepewa kipande cha waya, na kazi yake ni kuzibua vitundu vya shasi kila gari lirudipo kutoka Kindu.