Mteremko wa Mai Mahiu Haujali Gari Lako

Ukitoka Nairobi kwenda Naivasha kupitia Mai Mahiu, usijivunie mbio za gari lako. Mteremko ule, ambao barabara yake ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, haujali bei uliyolinunulia.

Ingiza gia ndogo tangu kule juu, injini ilizuie gari. Usitoe gia ukidhani unaokoa petroli. Anayekanyaga breki njia nzima huzichemsha, nazo zikichemka hazishiki.

Karibu na bondeni kuna kanisa dogo walilolijenga mateka hao mwaka wa 1942. Egesha hapo, breki zipoe, watoto wautazame Mlima Longonot. Gari bora ni lile linalowarudisha nyumbani salama.