Mwalimu Mgeni Kariakoo: Naye ni Mwanafunzi



Kila Januari watoto wetu huingia kidato cha kwanza. Wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Sasa wanapewa vitabu vya jiografia na baiolojia, vyote vya Kiingereza. Mtoto asiyepata mwalimu mzuri wa Kiingereza hukaa darasani kama mtu aliyekaa gizani. Anasikia sauti, lakini haoni kitu.

Walimu wengi wa Kiingereza ni Watanzania wenzetu. Wengine hutoka nje. Wako wanaotoka Kenya na Uganda. Wako wanaotoka Uingereza na Marekani. Wengi wa wageni hawa hupitia Dar es Salaam, na wengine hubaki huko huko kufundisha.

Leo nakualika twende Dar es Salaam, tukatazame jinsi mwalimu wa namna hiyo anavyoanza maisha. Utaniuliza, "Bwana shamba, mambo hayo yananihusu nini mimi mkulima?" Yanakuhusu. Siku moja mwalimu kama huyo anaweza kuletwa katika sekondari ya kata yako. Asipozoea, ataondoka. Akiondoka katikati ya mwaka, watakaopata hasara ni watoto wako.

Wewe unajua habari ya mche wa nyanya. Ukiutoa kitaluni na kuupanda shambani, siku za kwanza hunyauka. Mkulima mwenye haraka husema, "Mche huu umekufa." Mkulima mwenye busara huupanda jioni, huumwagilia na kuutilia kivuli. Baada ya siku chache mche husimama. Mtu aliyehama kwao ni vivyo hivyo.

MJI WENYEWE

Mgeni hushuka uwanja wa ndege. Hufuata Barabara ya Nyerere mpaka Gerezani, na hapo yuko mlangoni mwa Kariakoo. Januari ni mwezi wa joto kali mjini. Shati hulowa kabla ya kazi kuanza.

Jina la Kariakoo lina historia yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani. Wapagazi wa jeshi lao waliwekwa kambini mahali hapa. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa "Carrier Corps". Wananchi walilitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Basi mwalimu wa Kiingereza anakaribishwa na neno la Kiingereza lililokwisha kuwa Kiswahili.

Zamani za ukoloni watu wa mji huu walitengwa. Wazungu walikaa karibu na bahari. Wahindi walikaa katikati. Waafrika walikaa Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili uwatenge. Leo uwanja huo upo, lakini kila mtu huupita atakavyo. Mwalimu mgeni anaweza kupanga Kariakoo, na jirani yake akawa Mpemba, Mchaga, Mngoni au Mhindi.

KUSOMA HERUFI SI KUELEWA

Mtazame sasa mwalimu huyu akiwa Mtaa wa Kongo. Ana shahada ya chuo kikuu. Amesoma vitabu vingi sana. Mbele yake kuna mbao za maduka: UNGA. DAWA. VIATU. MCHELE. Anazisoma zote, kwa sababu herufi zetu ni zile zile za kwao. Lakini hajui hata neno moja lina maana gani. Akitaka chumvi, haoni pa kuiulizia.

Wewe msomaji unaijua hali hiyo kuliko watu wengine. Ulipoanza kusoma, uliunganisha herufi moja moja. Ulifika mwisho wa neno, ukauliza, "Hivi nimesoma nini?" Mwalimu huyu yuko mahali pale pale.

Hata fedha huzijua kwanza kwa picha. Noti ya shilingi 10,000 ina tembo. Ya 5,000 ina kifaru. Ya 2,000 ina simba. Ya 1,000 ina sura ya Mwalimu Nyerere. Baba zetu na mama zetu wasiojua kusoma walizitambua noti za wakati wao vivyo hivyo, kwa picha na rangi.

Siku moja nilikuwa Kariakoo kununua vipuri vya pampu ya kunyunyizia dawa. Dukani nilimkuta mwalimu mmoja mgeni. Muuzaji alimtajia bei ya kitambaa, naye akatoa fedha bila kuuliza neno. Mama mmoja aliyekuwa pembeni akamshika mkono. Akamwambia polepole, "Mwanangu, sema, punguza kidogo." Mgeni akasema hivyo. Duka zima likacheka, na muuzaji akapunguza. Kile kicheko hakikuwa cha dharau. Mgeni naye alicheka. Nilifikiri moyoni kwamba siku ile mgeni yule alipata mwalimu.

SAA, SALAMU NA KANGA

Jambo linalowasumbua wengi ni saa. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Waingereza huanza usiku wa manane. Kwa hiyo saa mbili yetu ya asubuhi, wao huiita saa nane. Tofauti ni saa sita. Mgeni akiambiwa, "Njoo saa nane," anaweza kufika asubuhi, akakaa kwenye benchi mpaka mchana. Ukimpangia mgeni muda, mwonyeshe kwa kidole juani. Jua halina lugha.

Jambo la pili ni salamu. Kwa Kiingereza mtoto na mzee husalimiwa kwa neno moja. Kwetu mkubwa huamkiwa shikamoo, naye huitikia marahaba. Mgeni asiyejua humpita mzee kimya, na watu husema ana kiburi. Pengine hana kiburi hata kidogo. Hajafundishwa tu.

Hata mwalimu anayetoka Kenya, ambaye Kiswahili anakijua, ana la kujifunza Dar es Salaam. Akiingia dukani na kusema, "Nipe sukari," wenyeji humtazama. Watu wa pwani husema, "Naomba sukari." Kununua wananunua, lakini wanaomba.

Jambo la tatu ni kanga. Mwalimu wa kike huiona kanga nzuri Kariakoo, akainunua kwa rangi yake. Hajui kwamba kanga husema. Akiivaa kwenda kumsalimu jirani, pengine maneno yake ni ya kumsuta jirani huyo huyo! Rafiki wa kweli humsomea kwanza.

NYUMBA NA VIBALI

Mwalimu wa kigeni haanzi kazi kabla ya kupata ruhusa. Hutakiwa kuwa na kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji. Mkenya na Mganda nao huvihitaji. Kisha ni vizuri ajitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kama mgeni wa kijijini anavyofika kwa mwenyekiti wa kijiji.

Nyumba ni shida nyingine. Wenye nyumba wengi mjini hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, yote mara moja. Dalali naye ana fungu lake. Mwalimu bado hajapata mshahara wa kwanza. Wako madalali waaminifu, na wako wanaomwonyesha mgeni chumba kilichokwisha kupangishwa. Kwa hiyo mgeni asitoe fedha kabla ya kuona chumba, kumwona mwenye nyumba na kuandikiana mkataba. Shauri hili linamfaa pia kijana wako anayekwenda mjini. Naye ni mgeni huko.

Chumba cha bondeni hukodishwa rahisi. Lakini masika yakifika, mto Msimbazi hufurika na maji huingia Jangwani. Mgeni aulize wenyeji maji hufika wapi. Na popote atakapolala, atumie chandarua. Malaria haichagui mwenye shahada.

SOKO NI DARASA

Soko Kuu la Kariakoo lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake limekaa kama miavuli mikubwa. Julai 2021 soko hilo liliungua moto. Baadaye Serikali ilianza kulitengeneza na kujenga jengo jingine jipya pembeni yake.

Mitaani kuzunguka soko, mgeni husikia majina: mchele wa Mbeya, machungwa ya Muheza, viazi vya Njombe. Kwa kuuliza tu chakula kimetoka wapi, anajifunza ramani ya nchi yetu. Hapo ndipo anapokutana na jasho lako, mkulima, hata kama hajakuona.

Watu watamwuliza pia, "Wewe ni Simba au Yanga?" Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, na Yanga wako Jangwani. Akichagua moja, amepata marafiki nusu ya mji, na watani nusu nyingine!

WALIOTANGULIA

Wageni wa namna hii hawakuanza leo. Tulipopata uhuru mwaka 1961, walimu wetu wa sekondari walikuwa wachache sana. Mwaka huo walianza kuja walimu kutoka Marekani na Uingereza kwa mpango ulioitwa "Teachers for East Africa". Walifundisha Tanganyika, Kenya na Uganda. Chuo kikuu chetu nacho kilianza mwaka huo huo hapa hapa, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilianza na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani.

Tena tusisahau kwamba Mwalimu Nyerere naye alikuwa mgeni ugenini. Alisoma Edinburgh, nchi ya baridi, kutoka mwaka 1949 mpaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Alijua maana ya kuanza maisha kwa watu. Mwaka 1970 aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alitaka mtu mzima asione haya kujifunza.

SISI TUFANYE NINI?

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Jembe la mwalimu ni chaki. Lakini hata jembe hupewa mtu pamoja na kuonyeshwa mpaka wa shamba.

Basi mwalimu mgeni akifika kwenu, fanyeni hivi:

1. Msalimuni kwanza, kisha mfundisheni kuitikia.
2. Muuzieni kwa bei mnayouziana ninyi. Ukimlalia bei leo, umemfukuza mwalimu wa mwanao kesho.
3. Akikosea neno, mrekebisheni. Mkicheka, chekeni pamoja naye.
4. Mwonyesheni maji ya kunywa, zahanati na njia salama ya usiku.
5. Msimfanye mfalme, wala msimfanye benki. Mfanyeni jirani.

Naye mgeni ana wajibu wake. Aheshimu mila, ajifunze lugha, afike kazini kwa wakati. Mwalimu anayejua uchungu wa kutafuta neno asilolijua hatamdharau mtoto anayetafuta neno la Kiingereza. Atamsubiri mpaka alipate.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mgeni wa mwisho kuja kijijini kwenu alipata shida gani? Nani alimsaidia?
2. Ukiambiwa saa tatu asubuhi, Mwingereza ataiita saa ngapi?
3. Ni neno gani la kwanza ungemfundisha mwalimu mgeni? Kwa nini?