Ulikuwa Wapi Mwaka Ule?

Nionyeshe daftari la hesabu la kijana wa Goma, nami nitakukisia alikuwa darasa la ngapi volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Si uganga. Ni kazi niliyoifanya hapa mjini, mtaa wa Murara, komini ya Karisimbi, tangu mwaka 2000: asubuhi nikifundisha sekondari, jioni nikiwarudilia wanafunzi masomo barazani kwangu, kwenye ubao mmoja na mabenchi yasiyolingana urefu. Wananiita Prof, kama huku kwetu wanavyomwita kila mwalimu wa sekondari, hata aliyeajiriwa jana.

Historia husamehe. Aliyekosa sura ya Vita Kuu ya Kwanza anaweza bado kuifuata ile ya Pili. Hesabu haimwachii mtu. Asiyeshika kugawanya hatashika sehemu, asiyeshika sehemu atakwama kwenye milinganyo, tena atakwama kimyakimya, maana atakuwa amejifunza kunakili hatua za ubaoni bila kujua zinakokwenda. Na mji wetu umekuwa ukikatiwa miaka ya shule vipande vipande.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikashuka mpaka mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kuishia ziwani Kivu. Shule kadhaa zilizikwa pamoja na madawati yake. Wengi wetu tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kisha tukarudi baada ya siku chache, tukikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa yanatoa mvuke. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia mjini, wakakaa siku zisizofika wiki mbili. Siku hizo ni chache ukizihesabu kwenye kalenda, lakini mtoto aliyekimbia na mama yake hakurudi siku waasi walipotoka.

Mwaka ulioniletea kazi kuliko yote ni ule wa 2020–2021. Shule zilikuwa zimefungwa nchi nzima Machi 2020 kwa ajili ya korona. Mwaka mpya ukaanza Oktoba, ukakatwa Desemba, ukaendelea tena Februari. Halafu Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021, mlima ukawaka upya. Siku tano baadaye ikaja amri kwamba mitaa kumi ya mji ihame mara moja, na Murara ilikuwa kwenye orodha. Barabara ya Sake ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Wengine walielekea Rutshuru, wengine Rwanda.

Nisiulaumu mlima peke yake. Kuna shimo jingine ambalo halitangazwi redioni: mtoto anayefukuzwa darasani kwa sababu minerval, yaani ada ya shule, haijalipwa. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari mzazi bado analipa. Nilifundisha shule moja ambako watoto walikuwa wakitolewa nje wiki ileile mada mpya inapoanza, wakirudi wakati wenzao wanafanya jaribio. Mkuu wa shule alikuwa na mishahara ya kutafuta, namwelewa. Ila hakuna aliyewahi kuwafundisha wale watoto ile wiki waliyokaa uani.

Kwa hiyo mwanafunzi mpya simwanzishi alipo. Kwanza nampa karatasi ya maswali, kila swali limetoka darasa lake, kuanzia la pili msingi mpaka juu. Hakuna alama. Swali la nne ni la darasa la tano msingi: nusu jumlisha theluthi. Usicheke. Nimewaona watu wazima wenye ndevu, wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wetu wa taifa wa kumaliza sekondari, wakiandika mbili ya tano. Nikiona hivyo namuuliza, ukila nusu ya mkate kisha ukaongeza theluthi, utakuwa umekula kidogo kuliko nusu? Maana mbili ya tano haifiki nusu. Hapo ananyamaza, kisha anacheka mwenyewe. Halafu ndipo nauliza swali langu la kawaida: mwaka ulipokuwa la tano, ulikuwa wapi?

Mwishoni mwa 2024 alinijia binti wa mwaka wa tatu wa humanite (ile miaka minne inayofuata mwaka wa saba na wa nane), opsio ya sayansi. Shuleni alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Mama yake alitaka tu nimnoe kwa ajili ya mwaka wa mwisho. Nikamwandikia limiti: (x² − 9) juu ya (x − 3), x ikielekea 3. Akajibu 6, mara moja. Jibu ni hilohilo. Nikaomba hatua zake. Alikuwa amekata x² kwa x, ikabaki x. Akakata −9 kwa −3, ikabaki +3. Akajumlisha, x + 3, akaweka 3 mahali pa x.

“Prof, lakini jibu iko sawa!”

Iko sawa kabisa. Ukimpa x² − 25 juu ya x − 5, atapata tena, na ukimpa x² − 49 juu ya x − 7, atapata tena. Njia yake ni ya uongo, lakini katika hesabu za namna hiyo haikamatwi kamwe. Nikambadilishia: (x² − 5x + 6) juu ya (x − 2), x ikielekea 2. Akakata alivyozoea, akafika −11. Jibu ni −1. Alikaa akiitazama karatasi muda mrefu. Nikaachana na x, nikaandika 6 + 4 juu ya 3 + 2. Kwa njia yake inatoka 2 jumlisha 2, yaani nne. Kumbe ni kumi gawanya kwa tano, yaani mbili.

Kwamba huwezi kukata kipande cha jumla na kuacha kingine, hiyo inafundishwa mwaka wa saba, herufi zinapoanza kukaa mahali pa namba. Mwaka wa saba wake ulikuwa ule wa 2020–2021. Mei ile alipelekwa kwa bibi yake upande wa Rutshuru, akarudi mwaka mpya wa shule ukianza, akaingia wa nane kama wenzake.

Kwenye Exetat, iliyoanza 1967, hesabu ni za kuchagua jibu. Mtihani huo ungempa binti yule alama zote za ile limiti ya kwanza. Ndiyo maana sipendi wazazi wanaponiomba niwape watoto “aitemu” tu, maswali ya miaka iliyopita na majibu yake, wayakariri. Najua kwa nini wanaomba. Diploma ya taifa ndiyo mlango wa chuo kikuu, na siku ya matokeo familia nzima inataka kumwagiana poda kichwani barabarani. Nawapa aitemu, lakini mwezi wa mwisho, na bila orodha ya majibu ya kuchagua. Wengine wamewahamishia watoto kwa mwalimu mwingine. Sawa.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia tena mjini. Shule zilipofunguliwa, baraza langu lilijaa watoto kutoka Masisi na Sake ambao kambi zilizowahifadhi zilikuwa zimevunjwa, na hawakuwa na daftari wala kadi ya matokeo. Karatasi yangu haikuhitaji kadi. Wengi wao wanahesabu faranga za Kongo, za Rwanda na dola kichwani upesi kuliko mimi, kwa sababu wamekuwa wakiuza vitunguu na mkaa. Kwa hao nimeanzia hapo, kwenye bei, kisha nikaenda kwenye uwiano, kisha sehemu.

Wale waliokuwa la tano msingi Januari ile wataanza humanite Septemba 2028. Swali la nne nitaliacha palepale.