Bango Jipya, Kaunta Ile Ile

Akina mama wenzangu, tangu niolewe nimeingia baa mara nne. Mara zote nne jina lililoandikwa mlangoni lilikuwa tofauti, lakini mahali palikuwa pale pale: chini ya jengo la zamani, katika kichochoro kilicho nyuma ya Barabara ya Samora, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nawaandikia kwa sababu mahali hapo pamenifundisha jambo ambalo ningependa kulijua mapema.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2006. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na homa kali na simu ya baba yake iliita bila kupokelewa. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda daladala hadi Posta, nikaulizia mpaka nikafika. Ndani palipambwa kama ufukweni. Juu ya kaunta waliezeka makuti, ukutani walitundika nyavu, na pembeni kulikuwa na ngalawa ndogo ya mapambo. Mume wangu aliponiona alisimama bila kusema neno. Tulikwenda hospitali, mtoto akakutwa na malaria, akatibiwa, akapona. Usiku ule mume wangu aliniambia, “Mama watoto, pale sitakanyaga tena.” Nikamwamini, nikamshukuru Mungu.

Ahadi yake aliitunza, kama utahesabu kwa bango. Baada ya muda baa ile ilifungwa, ikapakwa rangi, ikafunguliwa kwa jina jingine. Ilipofika mwaka 2010, wakati wa Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, ilikuwa imejaa bendera na televisheni kubwa. “Hii si baa,” mume wangu aliniambia, “ni mahali pa kutazamia mpira. Twende ujionee.” Nilikwenda naye siku Ghana ilipocheza na Uruguay. Ghana ilipotolewa kwa penalti, watu wazima walilia. Mume wangu aliagiza bia ya kujifariji, kisha nyingine, kisha nikaacha kuhesabu. Nilikaa nikiitazama kaunta. Ilikuwa na pembe iliyomeguka upande wa kushoto. Nilikumbuka kwamba mwaka 2006 niliegemea pembe ile ile, mtoto akiwa mgongoni.

Mara ya tatu ni mwaka 2014. Safari hii palikuwa na matandiko ya farasi, kofia pana za wachunga ng'ombe wa Marekani, na jina la Kimarekani. Nilikwenda kutafuta ada ya shule. Niliikuta tayari imekwisha kulipia bili ya meza nzima. Nilipiga kelele mbele za watu, nikarudi nyumbani nikilia. Kuanzia usiku ule mume wangu alilala sebuleni kwa miezi miwili.

Mara ya nne ilikuwa mwezi uliopita, nasi tuliingia pamoja. Tulikuwa tumetoka benki, mvua ikatukuta njiani. Bango sasa lilisema ni mkahawa wa familia. Mume wangu alilitazama, akanitazama, akauliza, “Tuingie?” Moyo wangu ulishtuka. Tukaingia, naye akaagiza chai ya tangawizi.

Mhudumu aliyetuletea chai alinitazama kwa muda. “Dada, wewe si ndiye uliyekuja siku ile na mtoto mgongoni?” Nilipigwa na butwaa. Amefanya kazi pale chini ya kila bango. Nilimwuliza kwa nini mahali pale hapatulii na jina moja. Alicheka, akanieleza vizuri kuliko msomi.

“Mpangaji akija anakuta sifa mbaya ya aliyemtangulia, na watu wa bia na soda bado wanadai. Hataki kuitwa jina la mwenye deni, kwa hiyo anabadili bango. Watu wa mjini wanapenda kitu kipya, na mwezi wa kwanza viti havitoshi. Baadaye wanazoea, kodi ya pango inamshinda, anaondoka. Anayefuata naye anaanza na rangi.” Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, “Lakini bomba la maji machafu halijawahi kubadilishwa, dada. Ndiyo maana mvua ikinyesha hivi unasikia ile harufu.” Kweli, niliisikia. Ni harufu ile ile ya mwaka 2006.

Si kwamba kubadili jina ni kosa. Barabara ya Samora yenyewe iliitwa Acacia Avenue wakati wa Waingereza. Baadaye ikawa Independence Avenue kwa heshima ya uhuru wetu, kisha ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Katikati yake tangu mwaka 1927 amesimama Askari wa shaba, akiwakumbusha watu askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mahali pale kabla yake palikuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, iliyoondolewa mwaka 1916. Jina la Waingereza liliondoka kwa sababu utawala ulikuwa umebadilika. Hata Yakobo, kabla ya kuitwa Israeli, alishindana usiku kucha na kutoka akichechemea. Jina lilifuata badiliko. Pale baani jina ndilo lililotumwa kwenda badala ya badiliko.

Ndivyo tulivyoishi nyumbani kwetu pia. Mume wangu aliacha “baa”, akaenda kwenye “mpira”. Akaacha “mpira”, akaenda kwenye “nyama choma na marafiki”. Kila mara nilishangilia bango jipya.

Lakini wapendwa, nisimseme yeye peke yake. Nami nilikuwa na mabango yangu. Miaka ya mwanzo nilinyamaza kwa hofu, nikaita uvumilivu. Baadaye nilimsema mume wangu kwa majirani, nikaita kuomba ushauri. Nilipomwombea, nilimwombea kwa sauti ili asikie akiwa sebuleni, nikaita maombi. Ndani yake ilikuwa hasira ile ile, haijaguswa. Watoto waliijua harufu yake hata mimi nilipokuwa siisikii.

Kilichotusaidia hakikuwa kukataza mahali. Mwaka 2019 mume wangu alirudi mapema siku moja, akakaa jikoni nikichambua mchele, akasema, “Mama watoto, ugonjwa wangu si ile baa. Ni pombe. Mimi siwezi kuiacha.” Kwa mara ya kwanza aliliita jambo kwa jina lake. Nami siku ile sikumhubiria. Nilimwambia, “Na mimi nina hasira ya miaka kumi na mitatu.” Tukalia wote wawili.

Asubuhi yake tulikwenda hospitali. Nataka mama mwenye shida kama yangu alisikie hili: mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi asilazimishwe kuacha ghafla bila daktari. Anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege, na wengine hufa. Kuna dawa za kumvusha siku zile za kwanza. Baada ya dawa yakafuata mazungumzo na mshauri, ya mume wangu, na ya kwangu pia. Haikuwa safari ya mkupuo mmoja. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili aliniambia mwenyewe kabla sijanusa. Hapo nilijua kwamba bomba linachimbuliwa kweli.

Mwezi uliopita, chai ilipokwisha, mume wangu alipita kwenye kaunta, akaigusa ile pembe iliyomeguka, akalipa. Nje mvua ilikuwa imekatika. Fundi alikuwa juu ya ngazi akipima ukuta juu ya mlango. Nilimwuliza safari hii wanaandika nini. “Sijaambiwa bado, mama. Nimeambiwa nipime tu.”

Mama mwenzangu, mumeo akikuambia ameacha, usimdharau, lakini pia usikimbilie kushangilia bango. Mwulize kwa upole ameacha nini hasa, na umsaidie alitaje kwa jina lake. Ukimaliza kumwuliza yeye, jiulize na wewe. Yale unayoyaita subira, bidii, au kujali watoto, kwa jina lake la kweli ni nini? Swali hilo lilinigharimu miaka mingi. Naomba wewe lisikuchukue muda mrefu hivyo.