Barabara Mbili za Praha

Jumba la Maigizo la Taifa, Národní divadlo, liko ukingoni mwa mto Vltava, paa lake la buluu likimetameta kwa nakshi za dhahabu. Lilifunguliwa mwaka 1881, likaungua miezi miwili baadaye. Wacheki, matajiri kwa makabwela, wakachanga tena, na mwaka 1883 likafunguliwa upya. Juu ya jukwaa wakaandika Národ sobě: taifa limejijengea. Nasimama mbele yake nikiwaonea fahari. Walitawaliwa kutoka Vienna, na bado kwa senti zao walijenga mahali pa kuisikia lugha yao ikiheshimiwa.

Naifuata barabara ya Národní, tramu zikinipita. Zamani, Jumapili, Wacheki walitembea hapa wakiwa wamependeza. Wajerumani wa mji huohuo walikuwa na barabara yao, Na Příkopě, mwendo wa dakika chache tu. Wanafunzi wao walipita na kofia za rangi za vyama vyao, na mara nyingi ngumi zilirushwa. Leo kinachoziunga barabara hizo mbili ni kijibarabara kiitwacho 28. října, tarehe 28 Oktoba, siku ambayo mwaka 1918 jamhuri ya Chekoslovakia ilitangazwa.

Kwenye Na Příkopě naingia Slovanský dům, Nyumba ya Waslavi. Ndani mna maduka, mikahawa na sinema. Hapa palikuwa na klabu kuu ya Wajerumani wa Praha, na Wayahudi wengi wa mji walikuwa wanachama. Desemba 1897 makundi ya Wacheki yalivamia mali za Wajerumani, kisha za Wayahudi, hata wale waliozungumza Kicheki, mpaka sheria ya kijeshi ikatangazwa. Fahari yangu inakwama hapo. Aliyejifunza lugha, akafungua duka, akalea watoto mjini, alitakiwa athibitishe nini zaidi?

Katika sinagogi la Pinkas kuta zimejaa majina, karibu 80,000, ya Wayahudi wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi. Vita vilipokwisha, Wajerumani wapatao milioni 3 wakafukuzwa nchini, wenye hatia na wasio nayo.

Jioni napanda basi hadi Sapa, soko la Wavietnamu kusini mwa mji. Wengi waliletwa enzi za ukomunisti kufanya kazi viwandani. Kijana anayeniandalia supu anawatania wenzake kwa Kicheki. Namuuliza kwao ni wapi. Ananitajia Nusle, mtaa wa hapahapa Praha.