Mkono na Kiwanja

Katika Barabara ya Hennessy, eneo la Wan Chai, Hong Kong, huhitaji kuuliza mgahawa wa Kam's Roast Goose uko wapi. Fuata foleni. Nilifika Jumamosi karibu na saa sita mchana, nikakuta watu wamejipanga kando ya barabara, wengine na masanduku ya safari, kana kwamba wametoka uwanja wa ndege moja kwa moja. Dirishani walining'inia bata bukini kwenye kulabu, ngozi zao zikiwa na rangi ya mbao iliyopakwa vanishi.

Nilikuwa nimetoka Guangzhou ninakosoma, safari ya treni ya takriban saa moja. Wenzangu walidhani nakwenda kununua viatu. Nilikwenda kumtazama mtu anayekata nyama.

Wakantoni huita vyakula hivi siu mei, yaani nyama zilizochomwa kwa kuning'inizwa. Bata bukini hupulizwa hewa ili ngozi iachane na nyama, hujazwa viungo tumboni, kisha hushonwa. Humwagiwa maji ya moto ngozi ikaze, hupakwa siki na sukari ya kimea, halafu huachwa akauke kwa saa nyingi. Moto huja mwisho. Mtu anayedhani kuchoma ni moto tu hajawahi kuchoma.

Hilo nililijua kabla ya kupanda treni. Nimekulia nyuma ya banda la nyama choma Morogoro. Babu yangu alikuwa akifika saa kumi na moja alfajiri kupanga mkaa, na hakuna mbuzi aliyegusa wavu wake kabla makaa hayajavaa majivu meupe. Alipofariki aliacha vitu viwili: kiwanja, ambacho hati yake iko kwa baba yangu, na mkono, ambao uko kwa baba mdogo. Baba anataka kuuza, kwa sababu barabara imepanuliwa na bei imepanda. Baba mdogo anasema banda haliuzwi. Shauri liko kwenye baraza la ardhi, na ndugu hao wawili husalimiana msibani tu.

Ndiyo maana habari za ukoo wa Kam zilinikamata. Mwaka 1942 Kam Shui-fai alianzisha biashara ndogo ya chakula iliyokuja kuwa Yung Kee, mgahawa uliojulikana duniani kwa bata bukini wa kuchoma. Alifariki mwaka 2004. Wanawe wawili wakagombea uongozi wa kampuni. Mkubwa alikwenda mahakamani, naye akafariki mwaka 2012 kesi ikiendelea. Mwaka 2015 mahakama ya juu kabisa ya Hong Kong iliamuru kampuni mama ivunjwe, ingawa mgahawa wenyewe haukufungwa. Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2014, Hardy Kam, mtoto wa yule ndugu mkubwa, alikuwa ameshafungua mgahawa huu mdogo wa Wan Chai. Haukuchukua muda kupata nyota ya Michelin.

Nilipoitwa ndani niliketishwa meza moja na watu nisiowajua, kama ilivyo desturi huko. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alimimina chai ya moto kwenye bakuli lake, akasuuza vijiti, kisha akanisogezea birika. Niliiga. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya neno "cha", ambalo kwake na kwangu lilitaka silabi chache tu kufanana.

Kutoka nilipokaa nilimwona mkataji. Kisu chake kilikuwa kipana kama daftari, gogo lake limebonyea katikati. Hakupima kitu. Pigo, pigo, pigo, halafu akateleza ubapa wa kisu chini ya vipande na kuvihamishia kwenye wali bila kimoja kupinduka. Baba mdogo hufanya hivyohivyo na paja la mbuzi, akiongea na mteja bila kutazama mkono wake.

Ngozi ilivunjika mdomoni kama kaukau. Chini yake mafuta, kisha nyama laini yenye chumvi iliyofika hadi mfupani. Bibi alinionyesha kwa kidole kisahani cha mchuzi wa plamu, mtamu na mchachu. Nilikula hadi mifupa, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama vile yeye ndiye aliyepika.

Baadaye nilipanda tramu hadi Central nikaenda kutazama Yung Kee, Barabara ya Wellington. Jengo ni refu na zuri. Nilisimama nje nikifikiria thamani ya ardhi ile, na kwa mara ya kwanza nilimwelewa baba. Ana madeni na watoto wanaosoma, nami ni mmoja wao. Mtu anayekalia fedha namna hiyo si mchoyo akitamani kuigusa. Lakini nilimfikiria pia mjukuu aliyetoka bila jengo lile, na ile foleni ya Wan Chai. Nyumbani watu wawili wanagombania ardhi, na hakuna aliyewahi kuuliza nani atajifunza kuchoma. Mimi ni mtoto wa kike, kwa hiyo halikuwa swali.

Ilikuwa saa nane mchana. Morogoro ni saa tatu asubuhi. Nilipiga simu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Umekula?"

Nilimweleza yote, hewa, siki, gogo lililobonyea. Aliuliza maswali mengi kuhusu kisu. Kisha nikamwambia kwamba nikirudi Desemba nataka anifundishe, kuanzia kupanga mkaa, bila kujali baraza litaamua nini.

Alinyamaza. Nilisikia koleo likigonga wavu.

"Njoo saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Na usije na vile viatu vyako vyeupe."

Baba bado sijamwambia.