Kuvuma si Kung'ong'a

Mtu akiniletea kikuza sauti kibovu huniambia, "Kinapiga kelele." Basi. Neno hilo limekuwa gunia: humo mmetiwa soko, mvua ya mabati, watoto wa jirani na umeme uliopotea njia. Kazi yangu ni kutengeneza vikuza sauti vya gita vya zamani, vile vya valvu, na mara nyingi sina budi kufungua kamusi kabla ya kushika bisibisi.

Kiswahili hakikutunyima maneno. Upepo huvuma, ngoma huvuma, na papa naye, kwa mujibu wa methali, huvuma baharini ilhali wengi wapo. Nzi hung'ong'a. Radi hunguruma. Kuvuma ni sauti nene, laini, isiyo na kingo. Kung'ong'a kuna meno. Tofauti hiyo, ambayo mshairi huitafutia taswira, ndani ya mashine hutenganisha ugonjwa mmoja na mwingine.

Sababu ni hii. Umeme wa majumbani mwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Umeme huo, ukishapunguzwa, ndio unaopasha moto nyuzi za valvu. Ukivujia kwenye njia ya sauti, husikika kuvuma kwa 50. Lakini ule unaoendesha sauti yenyewe hupitishwa kwanza kwenye kinyoosha umeme, na huko kila mzunguko hutoa mawimbi mawili yenye ncha: 100 kwa sekunde. Hayo ndiyo yang'ong'ayo.

Mwaka jana mzee mmoja, mpigaji wa gita la rithimu katika bendi za dansi, aliniletea Vox AC30, kazi ya Mwingereza Dick Denney, yenye valvu nne za EL84 zinazosukuma spika. Alikuwa ameambiwa kwingine kwamba transfoma imekufa na mpya sharti iagizwe Uingereza. Fedha hizo hakuwa nazo, na alikwisha kupata mtu wa kukinunua kwa bei ya kuni.

"Mzee wangu, kinavuma au kinang'ong'a?"

Aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda. "Kinavuma, mwanangu, ila ndani ya mvumo mna nyuki."

Sijapata kusikia maelezo bora ya hitilafu hiyo. Nilishusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Nyuki hawakupungua, maana yake walikuwa wameingia mbele ya kitufe hicho, si kwenye gita wala kwenye valvu za mwanzo. Kisha nikamwomba apige waya mnene kuliko wote, akiubana kwenye freti ya tatu. Hiyo ni G, mitetemo 98 kwa sekunde. Sauti ya mashine ilikuwa juu yake kwa unywele tu: 100. (Marekani, penye umeme wa mizunguko 60, nyuki hao huimba 120, karibu na B.)

Zikabaki kapasita za kuchuja. Kapasita hizo ni kama pipa: maji huingia kwa ndoo, hutoka kwa bomba bila kukatika. Majimaji yaliyomo ndani yake yakikauka kwa miaka, pipa huwa kikombe, na kila ndoo husikika. Naonya hapa: hata baada ya kuchomoa waya ukutani, kapasita huweza kubaki na volti zaidi ya 300, nazo huua. Mimi huzimwaga kupitia rezista, hupima kwa mita, kisha hupima tena. Asiyezoea asifungue.

Kapasita mpya ziliondoa sehemu kubwa ya nyuki, wachache wakabaki. Valvu moja kati ya zile nne ilikuwa imechoka. EL84 hizo hufanya kazi mbili kwa mbili, kila upande ukivuta kinyume cha mwenzake, na mawimbi yanayozifikia pande zote pamoja hufutana ndani ya transfoma ya spika, mradi pande ziwe sawa. Ni ukwapi na utao: mizani nane huku, nane kule. Upande mmoja ukiwa na saba, sikio hujua kabla ya vidole kuhesabu. Niliweka nne zinazolingana. Transfoma iliyozikwa ikiwa hai haikuguswa.

Mzee alipochomeka gita lake, pakasikika mvumo mwingine, mwembamba, bila nyuki. Akanitazama kwa wasiwasi. Huo haukuwa wa kikuza sauti: koili iliyo chini ya nyuzi za gita hunasa sumaku ya nyaya na transfoma zilizo chumbani. Nilimwambia ageuke taratibu pale alipo. Alipoelekea dirishani mvumo ulififia, akasita, akarudi nusu hatua, ukatoweka kabisa. Akaomba chaki, akachora nyayo zake sakafuni, kisha akapiga akiwa amesimama papo hapo hadi magharibi.